Trauti wa Namba Sita

Kufikia asubuhi ile ya Alhamisi, watu wa kijiji cha Namba Sita walikuwa wameshamhukumu Wendell Kropf. Kilichobaki ni hakimu tu. Trauti, samaki wa maji baridi, walikuwa wameelea matumbo juu kuanzia daraja la reli mpaka nyuma ya kanisa, kijito kilikuwa kimerudia rangi yake ya kutu, na gia ya mtambo wa chokaa ilikutwa ndani ya pikapu ya Wendell, katikati ya mabomba mabovu na betri kuukuu za magari. Mtu ataka ushahidi gani tena? Tena Wendell alikuwa kwenye kifungo cha nje kwa kesi ya nyaya za shaba. Akipatikana ndiye aliyeua kijito, kesho yake mahakamani angerudishwa ndani, na safari hii angekaa miaka.

Doreen Petrak, mpelelezi wa idara ya samaki, alipanda mpaka kwenye mtambo akiwa na Bi. Gladys Burkett, mwenyekiti wa kamati ya kijito. Bi. Gladys alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kustaafu. Alimfundisha Doreen, alimfundisha Wendell, na hakuwa amesamehe makosa ya yeyote kati yao.

"Huyo mtoto hakujua kugawanya hata siku moja," Bi. Gladys alisema huku akihema. "Kumbe alikuwa anasubiri agawanye vya watu."

"Tuone mtambo kwanza, mwalimu."

"Utaona nini? Utaona tundu mahali palipokuwa na gia. Miaka kumi na minne, Doreen! Miaka kumi na minne tumebeba mawe, tumepanda nyasi juu ya vifusi vya makaa ambavyo hata magugu yalivikataa. Halafu mwizi wa vyuma anakuja na spana moja!"

Mtambo ulikuwa ghala refu la bati lililosimama chini kidogo ya mdomo wa mgodi wa zamani. Kampuni iliondoka zamani, maji hayakuondoka. Yalitoka shimoni usiku na mchana, makali kama siki, yakiwa yamebeba chuma kilichoganda juu ya mawe kama uji mwekundu. Hapo mtambo ndipo ulipofanya kazi yake: maji yenyewe yanazungusha gurudumu, gurudumu linazungusha gia, gia inadondosha unga wa chokaa, na ukali wa maji unapoa kabla hayajafika kijijini.

Doreen alifungua kifuniko cha chini, akapiga magoti. Tundu lilikuwapo, kweli. Akaingiza tochi, kisha mkono mzima mpaka begani.

"Mwalimu, hebu inama uguse hapa."

"Magoti yangu hayainami kwa ajili ya Wendell."

"Inama kwa ajili yangu."

Bi. Gladys aliinama akilalamika, akaingiza vidole. Chokaa iliyokuwa imezunguka tundu ilikuwa ngumu kama saruji, na ndani yake mlikuwa na vijishimo vidogo vilivyopangana kwa duara, kimoja baada ya kingine.

"Meno," alisema Bi. Gladys.

"Alama za meno ya gia. Chokaa ilinyonya unyevu ikagandia gia, na gia ilikuwa imesimama. Ingekuwa inazunguka, ungekuta mfereji laini, hungekuta jino mojamoja. Wendell aliichukua lini?"

"Wiki iliyopita. Jirani alimwona."

"Chokaa haigandi hivi kwa wiki moja. Huu mtambo ulisimama zamani, pengine tangu baridi ilipoanza. Wendell aliiba gia ya mtambo uliokwisha kufa."

Bi. Gladys alijiinua polepole, akajipangusa mikono kwa sketi yake bila kujali weupe. Alieleza, kwa sauti iliyopungua makali, kwamba vuli iliyopita wataalamu wa jimbo walipima kijito, wakakuta trauti wazima, wakubwa, wengi. Wakasema kijito kimeanza kujiponya. Wakapunguza chokaa mpaka kiwango cha chini kabisa na kuahidi kwamba mwaka huu wangeufunga mtambo.

"Na mtambo ukizunguka polepole mno, unga unalala mahali pamoja," alisema Doreen. "Unaganda."

"Hakuna aliyepanda kuukagua. Tulikuwa tumeshafanya sherehe, mwanangu. Nililia mbele za watu."

Doreen aliposhuka mpaka kwenye gari alimpigia Ganley, mwendesha mashtaka. Ganley alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo kwake halikuwa dalili njema.

"Sawa, gia tuiache," alisema. "Tuna betri. Alikuwa na betri ngapi mle ndani? Alimwaga tindikali kijitoni ili azibebe kwa urahisi. Samaki wakafa."

"Nani alimwona akimwaga?"

"Doreen, wataalamu wa jimbo wamesema kijito kilipona. Kijito kilichopona hakifi chenyewe. Kuna mtu amekiua, na mtu niliye naye mahabusu ni mmoja. Niletee mwingine au nipe jalada langu."

Akakata simu. Ganley hakuwa mtu mbaya, na hoja yake ilikuwa na miguu. Ndiyo iliyomkera Doreen. Matamvua ya samaki wote, yale wanayopumulia, yalikuwa yamejaa kutu ya mgodini, na betri haimwagi kutu. Lakini palepale swali lilibaki: kama maji yalikuwa yamepona, kutu ile ilirudi vipi kwa theluji ya msimu mmoja tu kuyeyuka?

Wendell aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa ndani ya ovaroli ya mahabusu iliyomzidi kimo. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka arobaini na kitu, mwenye makovu mikononi. Aliketi bila kuambiwa.

"Dada Doreen, kabla hujaniuliza. Mimi ndiye niliyewaua?"

"Ulimwaga betri kijitoni?"

"Nimwage?" Wendell karibu acheke. "Betri inanunuliwa kwa kilo. Ukimwaga maji yake umebaki na boksi. Muulize muuza vyuma yeyote kama anamwaga betri, atakuuliza na wewe kama unaumwa."

"Na gia?"

"Gia nilichukua. Siwezi kukataa, mlinikuta nayo. Gurudumu lilikuwa halizunguki, ndege wamejenga juu yake. Nikasema hiki chuma kimestaafu." Aliinamisha kichwa. "Halafu samaki wakafa, kila mtu akasema ni mimi, nikaona basi, huenda ni mimi. Nilipopewa adhabu ya kazi za jamii, Bi. Gladys alinipa toroli. Mawe ya lile bwawa la kuchujia maji kule juu ni mimi niliyeyabeba. Sasa ukisikia umeua kitu ulichokibeba kwa mgongo wako…"

Doreen alikuwa amewahi kumkamata mara mbili na mara zote mbili alikuwa akitania. Leo hakuwa na utani.

"Ulikuwa ukiwaona hao trauti?"

"Kila siku! Nilikuwa nakula mkate wangu pale darajani. Wajinga wale, Mungu awarehemu. Ukirusha kijiti wanakuja juu wote, midomo wazi, kama kuku wameona mama mwenye ungo. Kivuli cha mtu hakiwatishi."

Doreen aliacha kuandika.

"Rudia."

"Nini, kuku?"

"Walikuja juu ulipowatupia kitu?"

"Wote. Nilidhani ndivyo walivyo. Mimi nimekulia Namba Sita, dada. Trauti ningewaonea wapi?"

Kwenye maegesho ya mahabusu, Doreen alifungua kasha la barafu nyuma ya gari lake. Alikuwa amewahifadhi samaki kumi na mmoja kwa ajili ya maabara, na mpaka saa ile alikuwa amewatazama matamvua tu, kwa kuwa alitafuta kilichowaua. Hakuwa amejiuliza walitoka wapi. Sasa aliwatandaza mmojammoja juu ya gazeti. Pezi la mgongoni la wa kwanza lilikuwa fupi, limelika na kupinda. La wa pili hivyohivyo. Ya kifuani yalikuwa yamebaki vigutu. Trauti wa mtoni ana pezi lililonyooka kama upepeo mpya. Hawa walikua wakijisugua kwenye kuta za saruji, wamebanana, wakisubiri kutupiwa chakula.

Hakuna hata mmoja aliyezaliwa kijitoni. Mtu alikuwa amewanunua, akawamwaga, na wataalamu wa jimbo wakaja na vifaa vyao wakahesabu samaki wa kufugwa wakidhani wanahesabu afya ya maji. Kijito hakikuwa kimepona hata siku moja. Kilikuwa kinaishi kwa chokaa, na chokaa ikapunguzwa kwa sababu ya samaki.

Mfugaji wa trauti wa karibu alikuwa Lester Fye, upande wa pili wa mlima. Doreen alimkuta akiwalisha, mkono kwenye ndoo, maji mbele yake yakichemka kwa midomo.

"Kuna mtu wa Namba Sita aliyechukua trauti hai kwako? Si mwaka huu, labda uliopita."

Fye alifikiri kidogo. "Mzee mmoja. Alikuja Desemba ya mwaka juzi, baridi ya kukata masikio. Nilimwambia huu si msimu wa kuvua. Akasema si kwa kuvua. Nikamwambia basi wa kukaanga nakupa waliokufa, ni rahisi zaidi. Akasema wakifa hawana faida kwake."

"Jina?"

"Sikumuuliza. Lakini pipa lake nalikumbuka. La buluu, na limepakwa msalaba mweupe. Ule wenye mikono mitatu, wa chini umeinama upande. Nilijiuliza, huyu anakwenda kubatiza samaki?"

Doreen alimshukuru, akarudi ndani ya gari, akakaa na funguo mkononi. Pipa lile alilijua. Kila mtu wa bonde lile alilijua. Kila Januari lilisimama mbele ya kanisa la Namba Sita siku ya Yordani, sikukuu ya ubatizo wa Yesu, watu wakijaza chupa zao maji yaliyobarikiwa. Na sehemu iliyobaki ya mwaka lilikaa kwenye banda la mtunza kanisa, Wasil Hudak, mzee aliyechimba makaa na baba yake Doreen bega kwa bega. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, alitamani mwizi wa vyuma awe ndiye.

Mzee Hudak alikuwa jikoni na mgeni. Padri Myron alikuwa amemletea kabichi zilizofungiwa nyama na wali, kutoka kwa akina mama wa parokia, na wote wawili walikuwa wakila.

"Binti wa Petrak!" mzee alisema. "Keti. Chukua sahani. Padri, msogezee, huyu tangu utoto alikuwa haulizwi mara mbili."

"Leo sili, mzee. Nimekuja kikazi. Padri anaweza kutupisha."

"Padri anajua dhambi zangu zote. Uliza."

"Hii hajui," alisema Doreen. "Lester Fye anakumbuka pipa lako."

Mzee Hudak aliweka uma chini. Hakukana. Alitazama dirisha lililokuwa juu ya sinki, ambako kijito kilionekana, chekundu ukingo hadi ukingo.

"Wendell watamfanya nini?" aliuliza.

"Bila maneno yako, kesho anarudi ndani."

"Basi andika." Alivuta pumzi. "Ilikuwa kwa ajili ya Pearl. Daktari alikuwa ameshatuambia. Mke wangu hakuwa mtu wa kuomba vitu, lakini tangu alipoolewa akaletwa hapa, alitaka jambo moja. Kwa mama yake, kule kwao, siku ya Yordani watu walishuka mtoni na mishumaa. Hapa, kwa kuwa kijito kilikuwa chekundu, tulisimama kwenye lami, mbele ya pipa. Akasema, Wasil, kabla sijaenda nataka kushuka mtoni. Halafu Jumapili moja Padri akahubiri. Akasema Yordani inataka maji yaliyo hai."

Padri Myron aliinua macho.

"Nikarudi nyumbani nikatazama kile kijito," mzee aliendelea. "Chokaa ilikuwa imekisafisha, naam, rangi ilikuwa imetulia, lakini ndani hamna kitu. Hamna chura, hamna hata mdudu. Kitaitwaje hai? Ndipo nikaenda kwa Fye. Nikawamwaga nyuma ya kanisa kabla ya siku ile. Januari ile, Padri, ulipotuambia tushuke, Pearl alishuka akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Akawaona. Akanishika mkono akasema, Wasil, tazama, maji yamefufuka. Akafa kabla ya Pasaka."

"Na wataalamu walipokuja?"

"Nilikuwa nimesimama palepale kwenye ukingo. Walikuwa wanashangilia. Gladys analia. Vijana wanapiga picha. Ungesema nini, binti? Nilijiambia, samaki wamekaa miezi yote ile, labda ni kweli, labda wamepapenda. Nikanyamaza." Alifuta mdomo kwa nyuma ya mkono. "Nimekiua mimi. Sema hivyo. Usizungushe maneno."

Doreen aliandika bila kuzungusha. Alimsomea, naye akatia sahihi kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule akiwa mdogo. Kisha Doreen alimpigia Ganley palepale, kwa simu ya ukutani, akamweleza yote: mapezi, Fye, mzee. Ganley alisema kesi ya kijito imekwisha, na kwa gia ya mtambo mfu hakimu atamkemea Wendell na kumrudisha nyumbani. Kuhusu mzee, alisema, hakuona mahakama inayoweza kumwongezea chochote.

Kazi ilikuwa imeisha. Doreen alifunga kalamu yake, akasimama, akachukua koti. Alikuwa na mkono mmoja ndani ya koti alipogeuka, kama alivyozoea kugeuka kwenye mlango wa kila nyumba.

"Padri, jambo dogo. Yale mahubiri. Ulimaanisha nini hasa uliposema maji yaliyo hai?"

Padri Myron alimtazama, kisha akamtazama mzee Hudak, ambaye naye alikuwa amegeuka kumsikiliza kwa makini, kama mtu anayesubiri kuthibitishiwa jambo analolijua. Padri alikunja leso yake mara mbili. Alikuwa kijana bado, na uso wake haukujua kuficha.

"Maji yanayotiririka," alisema. "Ni lugha ya vitabu vyetu, mzee. Maji ya kisima au ya pipa yamesimama. Ya mto yanatembea, ndiyo yanayoitwa hai. Nilikuwa nimechoka na lile pipa, linanukia plastiki. Nilitaka tushuke kijitoni, basi."

"Yakiwa na samaki."

"Si lazima yawe na samaki."

"Yakiwa safi, basi."

Padri alitikisa kichwa.

"Hata mekundu?" aliuliza mzee Hudak.

"Hata mekundu. Yanatiririka."

Mzee aliinuka. Akaenda kwenye sinki, akasimama mahali ambapo mke wake alikuwa amesimama akiosha vyombo tangu ujana wake, na akatazama nje. Waliona mgongo wake tu.

"Kwa hiyo angeshuka," alisema. "Mwaka uleule nilipomleta hapa. Angeshuka akiwa bibi harusi, kwa miguu yake. Na kila mwaka baada ya hapo." Alishika ukingo wa sinki. "Kijito kiko hapa. Kilikuwa hapa wakati wote."

Kisha aliwaomba waende, kwa adabu, akamkumbusha Padri asisahau bakuli la watu.

Nje, hewa ilikuwa na ile harufu ya mgodi ambayo Doreen alikua nayo na alidhani ameshaisahau. Padri Myron alimsindikiza mpaka kwenye gari, bakuli kwapani. Alipofungua mdomo hakuwa na hasira, na Doreen angependelea hasira.

"Alikuwa ameshatia sahihi," alisema Padri. "Wendell alikuwa ameshaokolewa. Jibu langu lilikuwa na kazi gani kwenye kesi yako?"

"Halikuwa na kazi."

"Mimi ni padri. Ukiniuliza mbele yake siwezi kumdanganya. Ungeniuliza huku nje ningekwambia ukweli wote, na mle ndani angebaki na mke aliyeona maji yamefufuka."

Doreen aliingiza mkono wa pili ndani ya koti.

"Mazoea, Padri," alisema. "Huwa siachi swali nyuma."